Nilivyokuwa Mama wa Askari

Kijana anayelinda geti la ploti yetu hapa mtaani Majimbo ana mazoea ya kupasha moto rangi ya viatu kabla ya kuipaka. Anafungua kopo, analisogeza juu ya mshumaa mpaka rangi ianze kuyeyuka kandokando, kisha anachovya kitambaa na kusugua ncha ya buti kwa miduara midogomidogo. Wiki iliyopita nilipita hapo nikiwa na mfuko wa mboga, harufu ile ikanipiga puani, nikasimama nikicheka peke yangu. Kijana akaniuliza, "Madam, kuna shida?" Nikamwambia hakuna shida, nimemkumbuka tu mtoto wangu aliye nyumbani. Alinitazama kwa mashaka, maana anajua vizuri kwamba sina mtoto.

Mtoto wangu huyo ana mvi kidevuni sasa. Anaitwa Njiru, naye ni mdogo wa baba yangu. Kwetu Kibugu, kule juu ambako mashamba ya chai yanakutana na msitu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Mimi nilipewa jina la cucu, Marigu, na pamoja na jina nikakabidhiwa watoto wake wote. Shangazi zangu walinisalimu "mami" na kunisogezea kiti. Baba mwenyewe aliniita mami akiwa na furaha, na Marigu nikiwa nimevunja kitu. Lakini aliyelichukua jambo hilo kwa uzito kuliko wote ni Anko Njiru. Alipokuja likizo kutoka jeshini, alisimama mlangoni na begi lake la kijani, buti zikinuka rangi iliyopashwa moto, akasubiri nimkaribishe mimi kwanza ndipo aingie kumwamkia cucu. Nilikuwa darasa la nne. Ukimpa mtoto wa darasa la nne cheo kama hicho, usishangae akikitumia.

Nami nilikitumia. Ilikuwa miaka ile wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia, na kila mahali habari zilikuwa zao. Mtangazaji wa redio aliwaita "vijana wetu" kwa sauti ya mtu aliyewazaa mwenyewe. Kanisani waliombewa kabla ya wagonjwa. Kwenye kituo cha kupima majani ya chai, wazee ambao hawajawahi kufika Garissa walichora ramani ya vita mavumbini kwa fimbo na kubishana jeshi lipitie wapi. Sisi watoto tulicheza vita kila mapumziko. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekubali kuwa adui, kwa hiyo darasa zima lilikuwa jeshi letu, na adui akawa beberu wa mlinzi wa shule. Hatukuwahi kumshinda hata siku moja.

Katika moto wote huo, mimi ndiye niliyekuwa na askari wa kweli, tena wa kumzaa. Nilipewa nafasi ya kukaa karibu na dirisha. Nilimegewa mandazi. Na kwa kila kipande cha andazi nilitoa habari. Nilisema Anko Njiru hula nyoka, tena bila chumvi. Nilisema hulala amesimama, jicho moja wazi. Nilisema hukaa siku saba bila maji na siku ya nane haulizi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana, kwa hiyo siku nyingine nyoka alikuwa mmoja na siku nyingine walikuwa watatu. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Nikiwaza sasa, naona kwamba kila mtu alitaka iwe hivyo, na mtu akitaka jambo liwe kweli haombi ushahidi.

Mmoja aliyesikiliza sana ni Mwalimu Nyaga. Alitufundisha Kiswahili, alivaa tai hata Jumamosi, na kila mwaka alitunga shairi la kughani kwa ajili ya siku ya wazazi na mashindano ya shule. Siku moja alisimama nyuma ya kundi letu nikieleza habari za nyoka. Asubuhi iliyofuata nyoka alikuwa ndani ya shairi. Lilikuwa na beti nane, na katika kila ubeti askari alifanya makubwa: alivuka jangwa, alimeza nyoka, alicheka risasi, aliwafukuza maadui wenye macho mekundu. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa mama yake. Mama alitakiwa kutoka mbele, amevaa leso na kitambaa cha kichwa, ainue mkono na kutamka, "Nenda mwanangu, na usirudi nyumbani kabla ya ushindi!" Ngoma ipigwe mara moja, kisha kimya.

Bila shaka mama nilikuwa mimi. Nililipenda neno lile kupita kiasi. Niliwatamkia ng'ombe, niliitamkia miti ya makadamia, nilimtamkia kaka yangu akienda chooni.

Kisha Anko Njiru akaja likizo, na jambo la kwanza alilonifanyia ni kuniketisha juu ya gogo nyuma ya jikoni.

"Mami, nani ameambia watoto wa Kibugu ati mimi nakula nyoka?"

"Si askari wote hukula?"

"Mimi nakula githeri. Tena hiyo githeri ya huko iko na mawe."

"Na umeua watu wangapi?"

Alifikiri. "Kuku wawili. Niligonga na lori."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maji. Alichota maji mahali fulani na kuyapeleka kambini, kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Alinieleza kwamba wakikosa maji siku moja tu hakuna vita wala chai, lakini mimi nilikuwa nimeshazama kwenye huzuni yangu. Siku saba bila maji! Na kumbe mwenyewe ndiye alikuwa tangi. Nilimwomba asimwambie mtu, akacheka mpaka akashika ukuta. Alikubali. Tulikubaliana kwamba habari za lori zitabaki kati ya mama na mwana.

Siku ya tatu ya likizo alisema anakwenda Meru kumwona mama ya rafiki yake, na mimi nifuatane naye, kwa sababu haifai kwenda kwa mama ya mtu bila mama yako. Rafiki huyo aliitwa Mutwiri. Walikuwa wameingia jeshini siku moja, wakalala vitanda vilivyopakana, na Mutwiri alikuwa amefia Somalia miezi michache kabla. Mjini Meru tulinunua mkate na sukari katika duka la mzee mmoja Msomali mwenye kofia nyeupe, naye akanipa biskuti bila kuombwa. Tulipotoka nilimnong'oneza Anko nikimuuliza kama yule ni adui. Nilikuwa nimeyakagua macho yake na hayakuwa mekundu. "Huyo ni mwenye duka," Anko akasema. "Kula biskuti yako."

Nyumba ya Mama Mutwiri ilikuwa Kinoru, si mbali na uwanja wa michezo. Sebuleni kulikuwa na picha ya Mutwiri ndani ya fremu, amevaa sare, na chini yake kitambaa cha mezani kilichofumwa kwa rangi za bendera. Alituwekea nduma na chai nzito. Hakusubiri tumalize.

"Mkubwa wao alikuja hapa mwenyewe na gari," alisema. "Akaniambia Mutwiri alikuwa mbele ya wote, anaita wengine wamfuate. Ni ukweli, Njiru? Wewe ulikuwa huko."

Anko alishika kikombe kwa mikono miwili. "Ni ukweli, mama. Alikuwa mbele."

"Ni mimi nilimwambia. Siku ile anaenda, mbele ya kanisa yote, nilimwambia asirudi nyumbani kama hawajashinda. Watu walipiga makofi. Na hakurudi." Aliyasema hayo kichwa kikiwa juu. Kisha akachukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi tangu tuingie, akaifuta tena na tena, mpaka Anko akainuka akamshika mkono.

Tukiwa kando ya barabara tukisubiri basi, nilimuuliza kama kweli Mutwiri alikuwa mbele ya wote.

"Alikuwa anafua soksi," alisema Anko Njiru. "Nyuma ya hema. Anafua na anaimba. Huyo kijana alikuwa anaimba vibaya, wewe. Tulikuwa tumemkataza kuimba."

"Sasa mbona umesema alikuwa mbele?"

"Ningemwambia ni soksi, angefanya nini na hizo soksi, mami?"

Nimewahi kukasirika juu ya mkubwa yule na gari lake, na nimewahi kufikiri kwamba pengine alifanya wema. Lakini siku ile sikuwaza hayo. Mtu mzima angepata huzuni tu. Mimi nilipata hesabu. Mama alimwambia mwanawe asirudi kabla ya ushindi. Watu wakapiga makofi. Mwana hakurudi. Na mimi, mama ya Njiru, nilikuwa na wiki moja tu kabla ya kusimama mbele ya wazazi wote wa Kibugu, Njiru mwenyewe akiwa ameketi mbele yangu, nimtamkie maneno yale yale.

Usinicheke. Kwetu neno la mama si mchezo. Cucu alikuwa akituambia kwamba neno la mama halianguki chini, na nilikuwa na ushahidi. Asubuhi moja alimwambia baba kwamba ile baiskeli aliyoikopa itamtupa, na kabla ya saa sita baba alikuwa kijitoni, baiskeli juu yake. Cucu alipotaka kumbariki mtu hakuishia kwa maneno: alitema mate kidogo kifuani mwake, "thuu," na mtu akaenda zake akijua amefungiwa njia za mabaya. Kama mate ya Marigu mkubwa yalikuwa na nguvu hivyo, maneno ya Marigu mdogo yangekosaje? Usiku nililala nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja, nisije nikaghani ndotoni.

Nilijaribu kujitoa. Nilimwendea Mwalimu Nyaga nikamwomba niwe ngoma.

"Ngoma ni Kariuki."

"Basi niwe jangwa."

"Marigu, wewe ndiye mama. Watu watalia. Wacha kunichezea."

"Mwalimu, si tubadilishe kidogo? Tuseme, nenda mwanangu na urudi Jumapili."

Alivua miwani. "Jumapili? Askari anarudi Jumapili kama mtu ametoka kwa shangazi? Hiyo itakosa moto!"

Nikatoa silaha yangu ya mwisho. "Lakini mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Hiyo ni ya mtihani," alisema Mwalimu Nyaga. "Hii ni ya jukwaa."

Siku ya wazazi ikafika. Ilipigwa hema ya buluu, viti vya plastiki vikaletwa kutoka kanisani, chifu akaja na kofia yake. Anko Njiru aliombwa aje na sare, akawekwa meza ya mbele kati ya chifu na cucu, akapewa soda mbili wakati chifu alipewa moja. Buti zake zilimetameta hadi watoto wadogo wakawa wanatambaa kujitazama humo. Alikuwa anarudi kazini kesho yake asubuhi.

Shairi likaanza. Jangwa likavukwa, nyoka akamezwa, na hapo chifu akamgeukia Anko kwa heshima kubwa, Anko akatazama soda yake. Risasi zikachekwa. Nilisikia wanawake wakiguna kwa utamu. Ukweli ni kwamba lilikuwa shairi zuri sana. Hata mimi, pamoja na hofu yangu, nilisisimka mwili. Lau ningekuwa kijana wa miaka kumi na minane ningeondoka moja kwa moja kutoka pale hemani kwenda kujiandikisha, bila kupitia nyumbani. Ndipo nikagundua, nikiwa nimesimama na leso ya cucu ikinivuka miguu, kwamba katika beti zote nane hakuna mahali askari anarudi kula.

Kariuki akapunguza ngoma. Nikatoka mbele, nikainua mkono.

"Nenda mwanangu," nikasema.

Kisha nikanyamaza. Mwalimu Nyaga, aliyekuwa kando ya nguzo ya hema, alidhani nimesahau, akaanza kunionyesha maneno kwa midomo, bila sauti, macho yamemtoka. Nilimwona. Nilimwona pia Anko Njiru, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa anaogopa. Mikono yake ilikuwa imeikumbatia chupa kama ilivyokumbatia kile kikombe Kinoru. Hakuogopa shairi. Aliogopa kesho. Nilimpenda sana wakati ule, na nikakasirika kwa sababu kila mtu pale alimtazama lakini hakuna aliyemwona.

"Nenda mwanangu," nikarudia kwa nguvu, "na urudi! Mkishinda urudi. Mkishindwa urudi. Wakikufukuza, kimbia!"

Kariuki hakujua kama apige ngoma au asipige, akaigonga nusu. Nami nikaona maneno peke yake hayatoshi. Nikashika leso, nikavuka uwanja wote mpaka meza ya mbele, nikamtemea Anko Njiru mate kifuani. "Thuu." Nilikuwa bado mwanagenzi, kwa hiyo mate mengine yalimfikia chifu.

Mwalimu Nyaga alijifunika uso kwa faili. Halafu Anko Njiru akasimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, kama anavyosimama mbele ya wakubwa wake. "Nimesikia, mami," akasema. Cucu alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Wanawake wote wakafuata, wakacheka na kupiga vigelegele pamoja, na chifu, akijipangusa shavu, akasema kwamba huyo mtoto atakuja kuwa mbunge.

Niliadhibiwa, usidhani vinginevyo. Niling'oa nyasi za uwanja kwa siku tatu, na nafasi ya mama akapewa Rwamba, msichana mwenye sauti kubwa asiye na askari hata mmoja kwao. Kwenye mashindano alitamka maneno yote kama yalivyoandikwa, shule yetu ikashinda, na kombe likaletwa kwa nderemo mpaka kituo cha majani ya chai. Kwa haki kabisa nilipiga makofi. Rwamba hakuwa na cha kupoteza.

Mimi nilikuwa nacho. Anko alikuwa ameondoka, na miezi ikapita. Redio iliendelea kusema vijana wetu wanasonga mbele. Kuna juma ilisema mengi zaidi, kwa sauti nzito, bila majina, na cucu akaizima akatoka kwenda kuchuma chai hata mvua ikinyesha. Simu haikuja. Nilijiuliza kama neno langu lilikuwa na nguvu, au kama nilikuwa nimelisema nikiwa mdogo mno.

Alikuja Jumanne mchana, bila kutangazwa, amekonda, anachechemea mguu wa kulia. Nilikuwa nyumbani kwa sababu ya mafua. Alisimama mlangoni na begi lake akasubiri. Nilijaribu kumkaribisha vizuri kama mama wa watu, nikashindwa, nikalia hadi mafua na machozi yakawa kitu kimoja. Cucu alifika akikimbia kutoka shambani na kikapu mgongoni, majani yakimwagika njia nzima, na hakuyarudia.

Jioni hiyo tulikuwa mezani, Anko yuko kwenye sahani ya pili ya githeri, Mwalimu Nyaga alipobisha hodi akiwa na tai na daftari jipya. Habari zilikuwa zimemfikia. Alimpongeza Anko kwa mikono miwili, akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza, akauliza tafadhali, kwa ajili ya shairi la mwaka ujao, ilikuwaje huko.

Anko Njiru alitafuna taratibu. Alinitazama mimi, akatazama mguu wake.

"Walipiga lori yangu," akasema. "Nikaruka chini. Andika nilikimbia."

Mwalimu Nyaga alicheka kwa adabu, kalamu ikiwa tayari. "Halafu?"

"Halafu nikakimbia tena."

"Ndiyo, lakini halafu?"

"Halafu nikafika hapa."

Mwalimu alisubiri, akitutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta ubeti uliodondoka chini ya meza. "Njiru," akasema mwishowe, kwa upole, "hiyo haiwezi kuimbwa."

Cucu akachota githeri, akaweka sahani juu ya daftari lililo wazi.

"Basi usiimbe, mwalimu," akasema. "Kula."